Robo ya Mwisho

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima ulimwita Robo, na jina hilo alilipata kihalali, kwa jasho lake. Kila nati aliyoikaza, ikishafika mwisho wake na kugoma, pale ambapo mafundi wenzake huweka spana chini na kufuta uso, yeye aliongeza robo mzunguko. "Robo ya mwisho," alikuwa akisema huku meno yameumana, "ndiyo inayomfikisha mteja kwake." Na kweli, kitu alichokifunga Robo hakikulegea. Mafundi wengine walimcheka, kisha gari likiwashinda wakamletea yeye, maana binadamu ndivyo tulivyo.

Mkewe peke yake ndiye aliyethubutu kumkosoa. Alasiri moja alikuwa amekaa kwenye kigoda pale gereji, tumbo limemjaa mapajani, akimpitishia mumewe spana. Robo alikuwa amelala chini ya Kikongwe, gari lao la kupandia milima, alilolijenga mwenyewe kwa mabaki ya magari yaliyokwisha kufa. Kikongwe halikuwa na klachi. Giaboksi yake ilibadilisha gia yenyewe, na giaboksi za namna hiyo huchemsha oili yake vibaya sana. Kwa hiyo kuna mabomba mawili membamba ya chuma: moja huitoa oili ya moto na kuipeleka mbele kwenye rejeta ikapoe, jingine huirudisha. Mabomba ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu, na Robo alikuwa akifunga mapya kwa ajili ya safari moja tu. Siku mkewe atakaposhikwa na uchungu, Kikongwe lisije likatoa udhuru.

Walikuwa wamemngoja mtoto huyo kwa miaka mingi. Mimba zilizotangulia zilitoka changa, moja baada ya nyingine, mpaka majirani wakaacha kuuliza. Hii ilikuwa imekaa.

"Inatosha, fundi," mkewe alisema aliposikia nati ya kwenye rejeta ikilia.

"Robo tu."

"Wewe neno inatosha hukufundishwa kwenu?"

"Kwetu tulifundishwa kukaza," alijibu Robo kutoka chini ya gari, na nati ikalia tena, mlio mwembamba kama wa panya aliyebanwa mlangoni. Akairudia ya pili vilevile. Mkewe alicheka mpaka akashika tumbo, na Robo naye akacheka huko chini na vumbi la kutu likimwingia puani.

Uchungu haukuja kama walivyoupangia. Ilianza damu. Mkunga wa zahanati aliinua shuka, akaishusha, na uso wake wote ukabadilika. "Hii si yangu," alisema. "Hospitali. Sasa hivi, msingoje chochote." Zahanati haikuwa na gari. Hospitali ilikuwa bondeni, upande wa pili wa mteremko wa mawe ambao madereva wenye magari mazuri huuzunguka kwa njia ndefu. Robo hakuwa na muda wa kuzunguka.

Walimlaza mgonjwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Huyu mama mkwe alikuwa mshonaji wa nguo, mwanamke mkavu, aliyezoea kuongea na pini zikiwa mdomoni, na hata zisipokuwapo aliongea hivyohivyo. Ndoa ile hakuitaka. Binti yake alimsomesha, alikuwa akisema, si ili aje kufua ovaroli. Alikuja wiki ile kumngojea mjukuu, na alipomwita Robo "mkwe," neno lilimtoka kama anataja ugonjwa. Miguuni mwake aliweka beseni jipya la njano lenye picha ya bata, la kumwogeshea mtoto, limejaa flana na nepi alizozipinda pindo kwa mkono wake.

"Jikaze kisabuni, mwanangu," alimwambia binti yake. "Tunafika."

Katikati ya mteremko jiwe liliruka kutoka chini ya gurudumu na kugonga tumbo la gari. Mgonjwa alilia. Robo aliomba msamaha, sijui aliliomba jiwe au alimwomba mkewe, akaendelea. Hawakufika mbali. Kwanza ilikuja harufu ya oili inayoungua. Halafu injini ikanguruma kwa nguvu zote na gari halikwenda popote, kama mtu anayekimbia ndotoni. Robo alijaribu gia zote, hata ya nyuma. Hakuna kitu. Aliivuta breki ya mkono.

Mama mkwe alishuka kuona kuna nini. Chini ya gari kulikuwa kunatiririka kitu chekundu, kimetapakaa juu ya mawe meupe, kinaelekea miguuni mwake. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Yote hii imetoka kwake?"

"Hapana, mama!" Robo alichovya kidole, akanusa, akamwonyesha. "Ni oili. Oili ya giaboksi ni nyekundu. Si damu, mama. Si damu yake."

Mama mkwe alikaa chini palepale kwenye mawe. Kisha akainuka, maana haukuwa wakati wa kukaa. Alijaribu simu yake na ya Robo. Zote mbili zilikuwa hazina mtandao. Barabara ilikuwa tupu juu na chini, jua la mchana limeikalia.

Robo alijitupa chini ya gari. Alijua anachokwenda kukiona: bomba limepigwa na jiwe, limepasuka. Kifuniko cha chuma cha chini kilikuwa na bonde jipya, ndiyo. Lakini jiwe halikuyagusa mabomba. Alifuata oili kwa macho mpaka mbele, kwenye rejeta, na pale akaiona nati aliyoikaza mwenyewe, imepasuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Jiwe lilimalizia tu. Ndani ya ufa chuma kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na Robo alijua maana yake, kwani ndiyo kazi yake. Ufa ule haukuwa wa leo. Ulianza alasiri ile ya kigoda, kwenye robo ya mwisho, wakati nati ililia na wao wakacheka.

Alitamani jiwe lile lingemwangukia yeye.

"Ni jiwe?" mama mkwe aliuliza. Miguu yake ndiyo Robo aliyoiona, na viatu vyake vya kazini vilivyokanyagwa visigino.

"Jiwe," alisema Robo.

Basi akafikiri, na sina budi kumsifu kwa hilo, maana kichwa chake kilikuwa kinawaka moto na bado kilifikiri. Nati iliyopasuka haifungiki tena. Lakini ncha za mabomba yenyewe zilikuwa nzima. Akiyatoa yote mawili kwenye rejeta na kuyaunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha mpira, oili ingetoka giaboksi na kurudi giaboksi bila kumwagika. Isingepoa. Ingechemka. Ila gari lingekwenda, mpaka pale giaboksi itakapoungua. Mpira wa maji usingefaa, oili ya moto ingeulainisha ukachomoka. Mpira aliouhitaji ulikuwa kwenye usukani: uleule unaorudisha oili ya usukani, umejipinda tayari, na klipu zake mbili za kuubana. Usukani ungekuwa mzito kama wa trekta bovu. Shauri yake.

"Mama, nipe kitu cha kukingia oili. Chochote! Inayomwagika ndiyo nitakayoirudisha."

Mama mkwe alitazama ndani ya gari. Kulikuwa na kitu kimoja tu. Alizitoa flana na nepi, akazilaza kifuani kwa binti yake, akainama na kulisukuma beseni la njano chini ya gari. Oili ilianza kudondoka juu ya yule bata. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwahi kukwama kwenye mteremko ule.

Nati iliyopasuka ilitoka kwa vidole. Nati ya pili ndiyo iliyomtesa. Hii nayo aliikaza yeye, na kitu alichokifunga Robo, mnakumbuka, hakilegei. Aliivuta spana, haikusogea. Aliivuta kwa mikono miwili, mguu ameutegemeza kwenye gurudumu, haikusogea. Oili ya moto ilimchuruzika mkono mpaka kwapani ikamuunguza, akapiga kelele, akavuta tena. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Alikuwa anashindana na mtu mwenye nguvu kuliko yeye, mtu mbishi asiyesikia la mtu, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe wa siku chache zilizopita. Hapo Robo alilia. Alilia wazi, kwa sauti, mama mkwe anamsikia, naye hakujali.

"Mkwe," mama mkwe aliita. Alikuwa amepiga magoti, uso wake umeinama pembeni ya gurudumu. "Mtu wangu anasinzia. Sitaki asinzie. Unasikia?"

"Mwongeleshe, mama! Mwongeleshe asilale!"

Alichomeka bomba la jeki kwenye mpini wa spana ili urefu uongeze nguvu, akafumba macho, akavuta. Ikiwa itapasuka, ipasuke. Ikiwa itavunja ncha ya bomba, basi ndiyo mwisho. Nati ilitoa mlio uleule wa panya, na ikaachia.

Baada ya hapo mikono ilifanya kazi yenyewe. Alitoa mkanda wa pampu ya usukani isije ikazunguka kavu, akachomoa mpira, na oili ya usukani nayo akaikingia, kwa kuwa gari hili la kizee lilitumia oili moja kote. Akausukuma mpira kwenye ncha ya bomba la kwanza, juu ya mdomo wake uliotanuka, akavuta klipu nyuma yake. Akaanza kukaza kwa bisibisi. Klipu ilibana. Mpira ulianza kuvimba kwenye matundu ya klipu, na ulikuwa mpira mzee, wenye nyufa ndogondogo kama kisigino. Mkono wa Robo haukutaka kusimama. Mkono ule ulikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ilidai robo moja zaidi, iliidai kama mlevi anavyodai glasi. Aliusikia ukianza kuzungusha.

Kutoka juu, kupitia sakafu ya gari, ikaja sauti ambayo haikuwa hata ya mtu aliye macho sawasawa.

"Inatosha, fundi."

Robo alitoa bisibisi. Alilala pale akihema. Akafunga klipu ya pili, ikafika mwisho, akaiacha. Hakuwahi kuacha kitu hivyo maishani mwake, na ilimuuma kama anaiba.

Mama mkwe alikata chupa ya maji kwa mkasi wake wa kushonea ikawa mdomo wa kumiminia. Akachagua flana moja, nyeupe, akaitandaza juu yake, na oili iliyojaa mchanga ikapita kwenye nguo ya mtoto kurudi giaboksi. Robo alichungulia kijiti cha kupimia. Oili iliigusa ncha tu.

"Imetosha?"

"Haijatosha, mama. Ila ndiyo iliyopo."

Kikongwe likasogea. Robo alipigana na usukani kwa mabega na kifua, kila kona ni kama kusukuma kabati, na kila jiwe alilipita akisikilizia klipu zake. Mabomba hayakuvuja. Lakini chini kidogo harufu ikarudi, mbaya zaidi, ya kitu kinachopikwa bila maji. Fundi yeyote angejua la kufanya: simama, fungua boneti, ngoja ipoe, kisha uende tena kidogo. Robo alipunguza mwendo. Mguu ulikwisha kufika kwenye breki.

"Mbona unasimama?" mama mkwe aliuliza.

"Tusiposimama itaungua. Ikiungua hapa, tumekwisha."

"Na tukisimama?"

Robo alitazama kwenye kioo. Midomo ya mkewe ilikuwa na rangi ya majivu. Mama mkwe alikuwa amebanisha nepi zote zilizobaki mahali damu inapotoka, na hakuna iliyobaki nyeupe. Robo akatoa mguu kwenye breki.

"Acha iungue," alisema.

Iliungua. Walipoingia mjini moshi ulikuwa unapanda kwenye sakafu, na watu wa pembeni walipiga kelele na kuonyesha vidole. Gia zilianza kuteleza moja baada ya nyingine. Kwenye kamwinuko ka mbele ya hospitali injini ilinguruma, gari likaenda mwendo wa kobe, likafika kati ya nguzo mbili za lango, likafa. Mlinzi alikuja mbio kumwambia haruhusiwi kuegesha pale. Alipoona ndani, alitupa kirungu chake akakimbilia kitanda cha magurudumu.

Wakamchukua. Mlango ukafungwa, na Robo akabaki upande wa nje akiwa na mikono isiyo na kazi.

Kuna watu wakingoja husali, wengine huzungukazunguka. Robo alilichukua beseni. Nje ya wodi kulikuwa na bomba la maji, na fundi akachuchumaa hapo na kipande cha sabuni ya kufulia alichoomba kwa mfagiaji, akaanza kusugua. Mtoto angehitaji kuoga. Oili nyekundu ilikuwa imeingia kwenye mikwaruzo ya plastiki na kwenye macho ya bata. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mchanga, akasuuza, akanusa, akaanza upya. Picha ya bata ilianza kubanduka. Vidole vilichubuka pale oili ilipomuunguza na bado alisugua.

Kivuli cha mama mkwe kilifika kabla yake. Robo hakuinua uso.

"Bado kidogo, mama. Harufu haijaisha."

Mama mkwe alichuchumaa karibu naye. Aliyafunga maji. "Yupo," alisema. "Mke wako yupo. Wamezuia damu, amefumbua macho, ameuliza uko wapi."

Robo alingoja neno linalofuata. Mama mkwe alilishika beseni ukingoni, akalivuta taratibu kutoka mikononi mwake.

"Inatosha, mwanangu," alisema. "Acha sasa. Inatosha."

Ndipo akajua. Hakuna aliyemwambia zaidi ya hapo na wala hakuhitaji. Alikaa kwenye simenti iliyolowa, na kitu alichokibeba tangu mteremkoni kikamtoka chenyewe.

"Halikuwa jiwe, mama. Nilidanganya. Ni mkono wangu. Niliikaza nati mpaka ikapasuka. Muda wote ule tuliokaa pale, ni mkono wangu."

Mshonaji anajua uzi ukivutwa sana unakuwaje, na pengine maneno hayo yalimfika mdomoni. Aliyameza.

"Huenda mtoto alikwisha kwenda hata kabla hatujapanda gari," alisema.

"Daktari kasema hivyo?"

"Sikumuuliza." Alimtazama machoni, pengine kwa mara ya kwanza tangu harusi. "Na wewe usimuulize."

Alikuwa msichana. Walimpa Robo amshike kidogo, amefungwa kwenye flana ya hospitali kwa sababu zake zote zilitumika njiani. Alikuwa na kunjo kali katikati ya nyusi, kana kwamba kuna jambo hakuridhika nalo. Robo alimshika kwa ncha za vidole.

Mkewe alikuwa kitanda cha mwisho, dirishani. Alikuwa mweupe kwa kukosa damu na sauti yake ilisikika kwa shida.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kafanana na nani?"

"Na mama yako," alisema Robo. "Kanikunjia uso hivi."

Kicheko kilimponyoka mkewe, kikakatika katikati, kikageuka kuwa kile kilichokuwa nyuma yake. Alilia na mumewe akalia. Walipochoka, Robo alianza, "Nati ya kwenye rejeta..."

"Nilisikia ilivyolia siku ile," mkewe alisema. "Nilikuwepo."

"Uliniambia inatosha."

"Nilikwambia. Halafu tukacheka wote."

Mkono wake ulikuwa ndani ya kiganja cha Robo. Robo alikuwa amekiacha kiganja wazi, mkono umelala juu yake tu, kama yai ambalo mtu kapewa amshikie mwenzake. Alikuwa anaiogopa mikono yake. Aliiona mikubwa, myeusi kwenye kucha, inayojua jambo moja tu.

"Mbona umenishika hivyo?"

"Naogopa kukuumiza."

Mkewe alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia kwenye nywele.

"Kaza," alisema.

"Mke wangu..."

"Kaza, fundi. Robo tu."

Akakaza.